Changanyikeni au Goba: kisa cha muuguzi anayelala mchana

Niliacha udalali wa nyumba siku nyingi, lakini kazi ile ni kama harufu ya samaki: unanawa, watu bado wanakunusa. Ndiyo maana Julai ya mwaka juzi rafiki yangu mmoja, fundi wa AC na friji, alinipigia simu na kuingia kwenye shida yake kabla hata ya kuniuliza habari za nyumbani. Wanahama Manzese. Chumba kimoja kimewashinda, mtoto ana miaka minne sasa, na mkewe, ambaye ni muuguzi, hapati usingizi. Wameshaona sehemu mbili, moja Goba na nyingine Changanyikeni, na kila wakikaa kuamua wanaishia kununiana. "Njoo utuamulie," akasema, kana kwamba mimi ni mjumbe wa nyumba kumi.

Kisa nakiandika kwa ruhusa yao, majina nimeyaacha. Nakiandika pia kwa sababu nilikaribia kuwapoteza, na njia niliyotaka kuwapitisha ndiyo wanayopita watu wengi wanaotafuta nyumba Dar es Salaam.

Mambo yalivyokuwa

Mume hana kituo cha kazi. Leo Mikocheni, kesho Masaki, popote AC ilipogoma, na ana pikipiki yake. Mke anafanya kazi hospitali moja iliyo vituo vichache kutoka Mwenge, kwa zamu. Akiba yao ilikuwa shilingi 2,200,000, na hesabu ya mpangaji wa Dar mnaijua: kodi ya miezi sita mkononi, mwezi mmoja wa dalali, hela ya kirikuu ya kuhamisha vyombo, na chochote cha kununulia mapazia ili majirani wasikuone ukila.

Nyumba ya Goba ilikuwa nzuri, sitaki kuisema vibaya. Nyumba ndogo inayojitegemea, vyumba viwili, sebule, jiko, ndani ya fensi, na kiwanja cha nyuma chenye mwembe mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyetaka shilingi 280,000 kwa mwezi. Kutoka lami kuna kilomita moja na nusu ya barabara ya vumbi. Goba siku hizi si shamba tena: lami imeiunganisha na Tangi Bovu, Mbezi Mwisho, Makongo na Madale, na watu wanaojenga kule wanajenga nyumba za kuishi, si vyumba vya kupangisha mfululizo. Kimya chake kinasifiwa na kila dalali, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Changanyikeni iko mgongoni mwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilihamia pale Mlimani mwaka 1964, na kadiri kilivyokua ndivyo mashamba na vibanda vilivyokizunguka vilivyogeuka vyumba vya kupanga. Jirani kuna Chuo Kikuu Ardhi, na Changanyikeni yenyewe ina Chuo cha Takwimu ndani yake. Zilipofunguliwa hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, nakumbuka wenye nyumba niliokuwa nawatafutia wapangaji walivyoingiwa na hofu kwamba vyumba vitabaki na popo. Havikubaki. Novemba ileile nilikuwa napigiwa simu na wazazi kutoka Mbeya na Bukoba wakiuliza kama kuna geto lolote, yaani chumba cha mwanafunzi cha kupanga, hata la kuchangia.

Nyumba ya huku ilikuwa vyumba viwili na sebule, kwenye uwanja mmoja na vyumba vinne vya masta vya wanafunzi. Mama mwenye nyumba anaishi palepale, mlango wa mbele. Alitaka 300,000. Kwenda kituo cha daladala ni mwendo wa dakika nne, nimeuhesabu mwenyewe. Njia nzima ni steshenari, saluni, wakala wa pesa za simu, grosari mbili na vibanda vya chipsi visivyo na idadi.

Jumapili tuliyodanganywa na masikio

Siku ya kwanza tulikwenda wote watatu, Jumapili, mimi nikiwa kiongozi wa msafara. Tulianza Goba, kwenye saa kumi na moja jioni. Jua limelegea, upepo unapita kwenye mwembe, sauti pekee ni ya kuku wa jirani. Mtoto akaanza kukimbia kuuzunguka mti. Baba yake akanitazama kwa jicho la "unaona mwenyewe?" Nikaona.

Changanyikeni tulifika giza likiingia. Wiki hiyo boom lilikuwa limetoka. Kwa msiokaa na wanafunzi: boom ni pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, inayohesabiwa kwa siku, shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango cha juu, lakini haiji kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, na mtaa unajua saa ileile. Grosari zote mbili zilikuwa zimefungulia muziki, kila moja wimbo wake, na kijana wa chipsi alikuwa na foleni iliyofika barabarani. Uwanjani kwa yule mama, geto mbili zilikuwa wazi, kwenye moja watu sita wanatazama mpira kwenye kompyuta moja na kupiga kelele za watu sitini.

Nikasema neno ambalo mpaka leo shemeji yangu hunitania nalo: "Shemeji, wewe ni muuguzi, unahitaji kulala. Hapa hata kuku halali. Twendeni Goba."

Mume alishakubali kabla sijamaliza. Mama mkwe kwa simu alikubali. Yeye mwenyewe akanyamaza mpaka tulipofika kituoni, ndipo akasema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dozi: "Shemeji, mimi sifanyi kazi Jumapili jioni pale Goba. Nikitoka naiti nafika nyumbani saa tatu asubuhi, nalala mpaka saa nane mchana. Kuna mtu amesikiliza hizo nyumba saa tano ya Jumanne?"

Hakuna aliyekuwa amesikiliza. Miaka yangu yote ya udalali niliwapeleka watu kuona nyumba saa ambazo wao wana nafasi, yaani jioni na mwisho wa wiki. Saa ambazo kila mtaa umevaa nguo za kanisani.

Jumanne, saa tano asubuhi

Jumanne tulikwenda wawili, mimi na yeye, ametoka naiti, macho mekundu. Tulikaa Goba karibu saa nzima, chini ya mwembe uleule.

Goba inajengwa. Hilo ndilo Jumapili inalificha, kwa sababu mafundi nao wanapumzika. Upande wa kushoto wa fensi palikuwa na nyumba inayopandishwa ukuta, na mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inazunguka kwa sauti ile ya mawe ndani ya pipa. Nyuma yake mtu alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha tofali za saruji. Mashine ya tofali hutetemesha mpaka kikombe mezani, halafu inanyamaza kwa muda wa kubeba tofali mbili, halafu inaanza tena, na kule kunyamaza ndiko kunakokuamsha zaidi. Kijana wa madirisha ya alumini alikuwa anakata kwa grenda. Lori la mchanga lilirudi kinyumenyume likilia tii, tii, tii mpaka getini kwa jirani. Kijana wa baiskeli akapita na spika inayorudia maneno yaleyale kuhusu dawa ya panya na kunguni. Mbwa wa nyumba ya tatu, ambao usiku huo walikuwa wamelinda vizuri, walimbwekea kila mmoja wa hao niliowataja.

Muuguzi alikuwa ameegemea mti, amefumba macho. Nikadhani amelala. Akasema bila kufumbua: "Nimehesabu pumzi mia mbili. Hakuna kumi zilizopita kimya."

Changanyikeni tulifika saa sita na robo. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchicha kibarazani. Shikamoo, marahaba, karibuni, tukaingia. Nilichokiona uwanjani ndicho kilichogeuza kisa chote: milango minne ya wanafunzi, kufuli nne kwa nje. Mbele ya mmoja kulikuwa na ndoo yenye nguo zilizolowekwa, povu limeshakufa. Kamba ya nguo, jozi tatu za ndala, paka. Kutoka steshenari ya mbele ilisikika mashine ya fotokopi, mbali, kama mtu anayesaga meno. Grosari zilikuwa zimefungwa, viti vimegeuzwa juu ya meza. Mtaa wenye sifa ya kelele ulikuwa umeachwa na wenye kelele wake wote, wako mlimani wanasikiliza lekcha.

"Hapa," shemeji akasema, "ningekuwa nimeshalala."

Hesabu iliyokataa kunyooka

Mume hakukubali kirahisi, na haki alikuwa nayo. Alichukua ratiba ya mkewe ya Julai akaanza kuhesabu kwa kalamu. Naiti tisa. Zamu za jioni saba. Zamu za asubuhi nane. Siku saba za mapumziko. Kwa hiyo, akasema, mchana wa kulala ni tisa tu, lakini usiku anaolala nyumbani ni 22, na yeye na mtoto wanalala usiku mara 31. Tunahamia kwenye makelele ya usiku 31 ili tupate kimya cha mchana tisa?

Kwa kuhesabu vichwa, Goba ilishinda. Mke alijibu kwa kupima uzito. Usingizi wa usiku ukikatwa, alisema, anaufidia kesho yake. Usingizi wa mchana kati ya naiti mbili haufidiwi, kwa sababu saa kumi na mbili jioni anatoka tena, na saa tisa usiku anavuta dawa kwenye bomba la sindano la mtoto wa mtu. Hakupandisha sauti. Mume akaiweka kalamu chini.

Hapo ikabidi tuulize swali jingine: usiku wa Changanyikeni una makelele kiasi gani hasa? Siyo mtaa, ile nyumba. Nilirudi peke yangu mara tatu, Jumatano saa nne usiku, Ijumaa saa tano, na Jumatatu saa saba usiku, nikijifanya nanunua chipsi. Chipsi nilizokula wiki ile mke wangu amekataa kuziita utafiti.

Ijumaa ilikuwa mbaya. Jumatano ilikuwa ya kawaida kama ya Manzese, na afadhali. Jumatatu mtaa ulikuwa umelala, ila madirisha mawili matatu yenye taa na vichwa vilivyoinamia daftari. Mama mwenye nyumba aliniambia kitu ambacho wenye nyumba wa pale wanakijua na wapita njia hawakijui: wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, hata sufuria ikianguka wanafunzi wenyewe wanafokeana. Kelele yao ina majira. Inapanda boom likitoka, inapanda siku mtihani wa mwisho ukiisha, inapanda Ijumaa, na katikati inashuka. Tena kelele kubwa si ya vyumbani, ni ya barabarani mbele, ambako kuna grosari. Nyumba hii ilikuwa safu ya nne kutoka barabarani, na chumba cha kulala kilitazama ukuta wa jirani. Nyumba ileile ingekuwa safu ya kwanza, ningesema Goba bila kupepesa.

Na yule mama mwenyewe. Nimeona nyumba nyingi za wanafunzi zenye mwenye nyumba anayekaa mbali na kutuma mtu kuchukua kodi. Huko kila usiku ni Ijumaa. Huyu alikuwa anafunga geti saa tano na ufunguo anao yeye. Kuna Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, kimezitumia kuzifungia baa. Malalamiko unaweza kuanza nayo serikali ya mtaa. Ni vizuri kuzijua. Lakini kwa kelele za mpangaji mwenzako saa sita usiku, mama mwenye kanga na ufunguo anafika mapema kuliko kanuni.

Njia ya kurudi nyumbani

Zile zamu saba za jioni zilikuwa hazijatajwa na mtu. Zamu ya jioni ikikabidhiwa na yeye akipata daladala, anashuka kituoni kati ya saa tatu na nusu na saa nne usiku.

Goba, hapo ndipo kilomita moja na nusu ya vumbi inapoanza. Fensi kushoto, fensi kulia, taa ziko ndani ya fensi, nje giza. Ama achukue bodaboda ya mtu asiyemjua, ama mumewe aje na pikipiki amchukue, na akija, mtoto anabaki na nani? Mume alisema mtoto atakuwa amelala, ni dakika kumi tu. Mke akamtazama. Hoja ikaishia pale.

Changanyikeni saa nne usiku ndiyo kwanza mtaa una watu. Taa za vibanda, wasichana wamebeba kompyuta mgongoni wakitoka maktaba, kijana wa chipsi anayejua kila uso. Zile dakika nne zilikuwa na mashahidi. Sisemi kwamba hakuna wizi. Katika miaka yangu ya udalali, kesi za simu na kompyuta kuibwa nilizisikia zaidi kwenye nyumba za wanafunzi, kwa sababu geti linaachwa wazi na kila anayeingia anasema amemfuata rafiki yake. Lakini kuibiwa nguo kambani na kuvamiwa gizani ni hofu mbili tofauti, na aliyekuwa anatembea ni yeye. Tulimwachia achague anayoweza kuishi nayo.

Bodaboda nayo ilikuwa na bei yake. Kutoka lami mpaka nyumba ya Goba wakati ule walitaka 1,500. Kwenda na kurudi, kwa siku 24 za kazi kwenye ratiba ile, ni 72,000. Ile 280,000 ikawa 352,000, na hapo sijaweka bei ya usiku, ambayo dereva huipanga akikuangalia mavazi.

Kufunga mkataba

Agosti chuo kimefunga, wengine wamekwenda fildi, yaani mafunzo kazini, wengine makwao, na vyumba viwili kati ya vinne vya yule mama vilikuwa vitupu. Watu hudhani mtaa wa wanafunzi hauna punguzo. Kwa chumba kimoja cha masta ni kweli: ukisubiri Oktoba utakuta bei imepanda na foleni ya wazazi. Ila vyumba viwili na sebule ni kitu kingine. Mwanafunzi mmoja hawezi kuvilipia, wanne wakichangia wanagombana kabla ya muhula kuisha, na familia zinaukimbia mtaa. Kwa hiyo vinakaa. Vile vilikuwa vimekaa tangu Machi, nilijua kwa vumbi la kwenye soketi.

Tulishuka kutoka 300,000 mpaka 260,000, na badala ya miezi sita akakubali mitatu. Jumla ya kuingilia, pamoja na dalali wa mtaa ule aliyetuonesha, ikawa 1,040,000. Mimi sikuchukua kitu, isipokuwa kile chakula cha mchana ambacho mume anadai kilikuwa kikubwa.

Shemeji aliomba mambo mawili yaandikwe, na yakaandikwa, mkataba ukapitishwa serikali ya mtaa. La kwanza, mita ndogo ya umeme ya upande wao peke yao. Nyumba yenye LUKU moja na wanafunzi wanne ina vita vyake: mmoja anachemsha maji kwa hita ya koili, mmoja anapiga pasi nguo za jirani kwa malipo, na mwisho wa mwezi wote wanasema wanatumia taa tu. Juu yake kuna kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayemlipia mwenye nyumba mpaka wakumbushane. La pili, tanki dogo la maji la kwao, kwa sababu simtanki ya pamoja ya lita 5,000 inatosha Agosti na haitoshi Novemba. Mama mwenye nyumba alicheka, akasema huyu si mpangaji, ni mkaguzi. Akasaini.

Miezi iliyofuata

Novemba akaja kijana wa mwaka wa kwanza na sabufa. Nimewahi kukutana na sabufa nyingi, hii ilikuwa na ukubwa wa kreti la soda, na ukuta wake ulikuwa ukuta wa chumba cha mtoto. Mume alitaka kwenda kugonga mlango usiku uleule. Mke akasema asubiri. Kesho yake mchana, akiwa na sare za kazi, alimkuta kijana anafua, akamsalimia, akamuuliza anasoma nini, anatoka wapi, kisha akamweleza ratiba yake ya naiti. Akamwambia: "Ukiona kanga nyekundu kwenye kitasa cha mlango wangu, mdogo wangu, mimi nimelala." Sabufa ilihamia ukuta wa pili. Ile kanga ikawa sheria ya uwanja mzima. Siku moja nilifika saa tano asubuhi, nikamkuta mwanafunzi mmoja amesimama getini anamzuia muuza mboga asipige hodi. "Dada amelala," akaninong'oneza na mimi, akaninyooshea kidole kanga.

Mume bado analalamika Ijumaa. Alihamisha kitanda mara mbili. Mtoto ameokota lugha yote ya geto, na kuna siku mama yake alirudi na mshahara akapokelewa mlangoni kwa shangwe ya "Boom limetoka!" Machi ile waliibiwa nguo kambani, zikiwemo sare mbili nyeupe. Hazijaonekana mpaka leo, na kila wakiona muuguzi mtaani mume humchunguza mshono.

Kuna jambo moja sikulipima kabisa, na kama ningekuwa mwanafunzi lingenitia supu, yaani kurudia mtihani. Nilipiga hesabu ya usalama wa njia wakati chuo kiko wazi. Agosti iliyofuata chuo kilipofunga, kijana wa chipsi naye alifunga akaenda kwao, grosari moja ikafunga, steshenari zikawa zinafungwa magharibi. Zile dakika nne zikawa giza tupu. Shemeji alishuka usiku mmoja akaona barabara haina anayemjua, akarudi kituoni akampigia mumewe. Tangu siku hiyo, kila chuo kikifunga, mume anamfuata kituoni kwa pikipiki na mama mwenye nyumba anakaa na mtoto kibarazani. Goba hilo lisingewezekana, kwa kuwa kule hakuna kibaraza cha mtu, kuna fensi. Ila sikustahili sifa, sikulifikiria.

Mwezi uliopita nilipita Goba kwa shughuli zangu, nikakata kona kuitazama ile nyumba. Imewekewa bango la kupangishwa. Nyumba ya kushoto imeshaezekwa, watu wanaishi, mapazia yamening'inia. Kiwanda cha tofali hakipo, mahali pake pamepandwa maua. Vumbi la barabara limemwagiwa kifusi, na kuna nguzo za taa, zinawaka au haziwaki sikujua. Nilisimama kama dakika ishirini, sikusikia mashine hata moja. Jioni ile nikapita Changanyikeni kuwapa habari. Mume aliweka kijiko chini: "Wanataka bei gani sasa?"

Shemeji alikuwa anakunja sare, hakuinua kichwa.

"Ulifika saa ngapi?"

Ikabidi niseme ukweli. Jumapili, saa kumi na moja jioni.